Kumpima Mgonjwa wa Parkinson: Mwendo, Akili na Hali ya Maisha

Maradhi mengi hutambulikana kwa kipimo cha damu, mkojo au makohozi. Vimelea vya malaria huonekana kwa hadubini, na kisukari hujulikana kwa kiasi cha sukari kilichomo katika damu. Maradhi ya Parkinson hayana kipimo cha namna hiyo katika hospitali nyingi. Daktari huyatambua, na kuyafuatia mwaka hata mwaka, kwa macho yake, mikono yake na maswali yake. Kwa hiyo ufundi wa kupima una uzito mkubwa. Kipimo kikikosewa, mgonjwa huweza kukosa dawa imfaayo, au kuhesabiwa kuwa amepungukiwa na akili hali akili yake ni timamu.

Asili ya maradhi

Tabibu Mwingereza James Parkinson aliyaeleza maradhi haya mwaka 1817, kutokana na wagonjwa sita ambao baadhi yao aliwaona barabarani tu, jijini London. Yeye aliamini kwamba maradhi hushika viungo na kuiacha akili salama. Mwaka 1960 Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walionyesha, huko Vienna, kwamba ubongo wa wagonjwa waliofariki ulikuwa na upungufu mkubwa wa dopamini. Hii ni kemikali ambayo chembe za ubongo huitumia kupelekeana habari. Chembe ziitengenezazo zikifa, viungo huitii amri ya ubongo polepole na kwa taabu. Dawa iitwayo levodopa, ambayo hugeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo, ilianza kutumika katika miaka ya 1960, na hata leo ndiyo tegemeo kuu la matibabu.

Kupima mwendo

Dalili kuu za mwendo ni kupungua kwa wepesi, kukakamaa kwa misuli, na kutetemeka kwa kiungo kilichopumzika. Aghalabu huanza upande mmoja wa mwili. Mpimaji humtaka mgonjwa agonganishe kidole gumba na cha shahada mara kumi, upesi na kwa upana awezavyo, kwanza mkono mmoja, kisha wa pili. Huangalia kasi, kusitasita, na kama upana wa mwendo unazidi kupungua. Tena humtaka ainuke kitini akiwa amekunja mikono kifuani, atembee, na ageuke. Kila zoezi hupewa alama kuanzia 0, maana yake hakuna kasoro, hadi 4, kasoro kubwa kabisa.

Alama hizo hazina maana pasipo saa. Mgonjwa aliyemeza levodopa muda mfupi uliopita huweza kutembea vizuri. Dawa ikiisha nguvu, mtu yuyo huyo huweza kushindwa kuinuka. Mpimaji mwangalifu huandika saa ambayo dawa ilimezwa, na safari ijayo hupima katika hali ile ile. Asipofanya hivyo, atadhani maradhi yamezidi au yamepungua, kumbe ni dawa tu iliyobadilika nguvu.

Kupima akili

Juu ya akili, imani ya Parkinson haikuthibitika. Wagonjwa wengi, hasa maradhi yanapokuwa ya miaka mingi, hupata shida ya kupanga mambo, kushika mawazo mawili kwa pamoja, au kukumbuka. Kipimo kimoja kitumikacho sana, kilichotolewa mwaka 2005 huko Montreal nchini Kanada, kina alama 30. Humtaka mtu achore uso wa saa, anakili umbo la mchemraba, akumbuke maneno matano, na atoe 7 katika 100 mara kadhaa mfululizo.

Hapa mpimaji hukutana na mtego. Mkono utetemekao huchora mchemraba mbovu ingawa akili imeuona sawasawa. Mzee aliyechelewa kujibu huenda jibu analo, ila ulimi ni mzito. Na yule ambaye hakupata kusoma hashindwi kuchora kwa sababu ya maradhi. Hakuzoea kushika kalamu. Watungaji wa kipimo hiki walilitambua jambo hilo kwa kiasi, wakaagiza aongezewe alama moja mtu mwenye miaka 12 au pungufu ya masomo. Kwa ambaye hakuingia darasani kabisa, alama moja haitoshi.

Wilayani Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti waliokuwa wakichunguza upungufu wa akili kwa wazee waliandaa kipimo kisichohitaji kalamu. Mzee hupewa njiti za kibiriti, akapanga umbo kama aonyeshwavyo. Uwezo unaopimwa ni wa kutambua na kuunda umbo, na kikwazo cha shule kimeondolewa.

Kupima hali ya maisha

Jambo la tatu huonekana kwa mgonjwa peke yake. Maswali 39 yaliyotungwa huko Oxford katika miaka ya 1990 humwuliza ni mara ngapi, katika mwezi uliopita, alipatwa na taabu fulani: kutembea, kuvaa, kusema, kuhuzunika, kuona haya. Jibu la "kamwe" hupata 0, na la "daima" hupata 4. Maswali manne huhusu aibu, mathalani kuwaficha watu maradhi yake, au kuepuka kula mbele za watu. Mgonjwa akipata 2, 3, 1 na 2, jumla ni 8 kati ya 16, yaani 50 kwa mia. Kadiri hesabu inavyopanda ndivyo hali ilivyo mbaya.

Kumwuliza ni lazima, kwa kuwa uso hausemi kweli. Misuli ya uso ikikakamaa, uso huwa kama kinyago: mwenye furaha huonekana amenuna, na mwenye huzuni nzito huonekana ametulia tu.

Fundisho

Wilayani humo humo Hai, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2008 ulihusu watu 161,071. Walipatikana wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajapata kutambuliwa. Walikuwa wakiishi na maradhi yenye dawa, pasipo kujua jina lake.

Mwalimu na mwanafunzi hawawezi kuchukua nafasi ya daktari. Lakini wanaweza kuona mkono mmoja usiopungwa wakati wa kutembea, mwandiko uzidio kuwa mdogo, au hatua zinazoburuzwa. Mzee mwenye dalili hizo asiachwe kwa kuambiwa kwamba ni uzee tu. Apelekwe hospitali, akapimwe mwendo, akili na hali ya maisha yake, yote matatu.