Spika Kuukuu za Nyumbani ni Amana



Kanyenye ni mmoja wa mitaa ya kale ya Tabora. Zamani za misafara, mizigo iliyotoka pwani ya Bagamoyo ilifika nchi hii ya Unyanyembe mabegani mwa mapagazi, ikapumzika, kisha ikaendelea hata Ujiji. Mwaka 1912 reli ikafika Tabora, na mizigo ikashuka mabegani ikapanda mabehewa. Mwaka 1951 matangazo ya redio yakaanza Dar es Salaam, na baada yake redio, sahani za santuri, kanda na spika kubwa za mbao zikaenea polepole katika nyumba za bara.

Nyumba za Waislamu nazo zilipata fungu lao la heri. Mwaka 1961 Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri alisoma Kurani nzima ikanaswa katika sahani, na mwaka 1964 Kairo ikafungua redio ya Kurani tukufu. Tangu hapo mtu aliyeketi mbali sana na Misri ameweza kusikia kisomo kilichonyoka, na watoto wake wakajifunza matamshi kwa sikio. Spika kuukuu iliyopo sebuleni, basi, si pambo tu.

Hivi karibuni tuliitwa katika nyumba moja mtaani Kanyenye. Mwenye nyumba amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaacha mjane, watoto wakubwa, watoto wadogo, na jozi moja ya spika ambazo kila Alhamisi usiku watu wa nyumba ile walizisikilizia kisomo. Spika moja ilikuwa imeharibika. Kila qari alipovuta sauti ya chini, ilikoroma kama mtu mwenye mafua. Fundi mmoja alikuja, akaitazama kwa kitambo kidogo, akasema imekufa, kisha akataka kuzinunua zote mbili kwa bei ya kuni.

Kijana mkubwa wa nyumba alikuwa tayari kuuza. Alisema, "Baba mdogo, kitu kimekufa, tukiweke cha nini?" Mzee akamjibu, "Mwanangu, mirathi haijagawanywa. Humo mna haki ya mama yako na ya wadogo zako wasiojua bado kusema lao. Kwanza tujue ni kizima au ni kibovu, ndipo tuseme bei yake."

Neno hili lilitupendeza sana. Mali ya yatima haiuzwi kwa kukisia. Basi tulikaa pamoja na vijana wale tukazikagua, na tuliyoyafanya twawaeleza hapa, kwani hayahitaji elimu kubwa wala vyombo vingi.

Kwanza, zima kila kitu na uchomoe waya wa umeme ukutani. Amplifaya usiifungue, kwa maana ndani yake umeme huweza kubaki hata baada ya kuzimwa. Kisha badilishana waya za spika, ya kulia iende kushoto na ya kushoto iende kulia, ndipo uwashe kwa sauti ndogo. Ikiwa ubaya umeifuata spika ileile, kosa ni la spika. Ikiwa umehamia spika ya pili, basi spika ni nzima, na kosa li katika amplifaya au kinachoilisha. Na waya wenyewe usiusahau, kwani panya huukata. Katika nyumba ile ubaya uliifuata spika.

Pili, zima tena, uitoe spika kwenye mwanga, na uondoe taratibu kitambaa cha mbele. Tazama ukingo unaoizunguka karatasi ya spika kubwa. Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zimetiwa ukingo wa sponji, na sponji hii huoza kwa joto, unyevu na miaka, hata kama spika haikupigwa. Aghalabu baada ya miaka 15 au 20 huanza kunata, kisha humeguka kama mkate mkavu. Ukingo wa mpira au wa kitambaa hudumu zaidi. Tulipougusa ukingo wa spika ile kwa ncha ya kidole, ulibaki kidoleni. Ugonjwa ulikuwa huo.

Tatu, ni lazima kujua kama moyo wa spika u hai. Weka vidole pande mbili za karatasi, uisukume ndani kidogo sana, sawasawa, kisha uiachie. Ikienda kimya, koili haijagusa sumaku. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua, na kazi hiyo ni ya fundi hodari. Spika ndogo ya sauti nyembamba usiiguse kabisa, kwani huharibika upesi.

Nne, fungua waya zote zinazotoka kwenye amplifaya, uchukue betri moja ya tochi, ya volti 1.5, na uguse nayo ncha za waya wa spika kwa nukta moja tu. Upande wa kujumlisha ukiguswa na ncha nyekundu, karatasi ya spika kubwa kwa kawaida hutoka nje na hutoa mlio mdogo. Zote mbili zielekee upande mmoja. Moja ikitoka na ya pili ikiingia, waya zimefungwa kinyume, na sauti nzito zitauana zenyewe. Mwenye mita naye apime: spika ya omu 8 husoma omu 6 hivi. Isiposoma kitu, waya au koili imekatika.

Spika ya marehemu ilipita majaribio yote mawili. Haikufa. Kilichooza ni ukingo tu.

Tuliagiza ukingo mpya uliopimwa sawa na ule wa kale. Vijana walikwangua mabaki ya sponji kwa subira, wakapaka gundi, wakauweka katikati, wakiijaribu karatasi juu na chini wasisikie mkwaruzo, wakauacha mchana na usiku. Wakafanya vivyo hivyo kwa ya pili, kwani zilizonunuliwa pamoja huzeeka pamoja. Kesho yake sauti ya qari ilirudi safi, na mama wa nyumba akaufunika uso wake kwa ushungi akanyamaza kitambo kirefu.

Kuhusu kuzitunza, yatosha kusema machache. Kiangazi cha Tabora kina vumbi jingi. Lipanguse kwa brashi laini, wala maji yasiiguse karatasi. Ziweke juu ya meza au mawe, kwa sababu mchwa hula kasha kutoka chini. Ziepushe na jua la dirishani na mvua. Sauti ikianza kupasuka, ipunguze papo hapo, maana sauti iliyopasuka huunguza spika ndogo. Na ikiwa sauti nyembamba zimefifia baada ya miaka mingi, huenda kapasita iliyo ndani ya kasha imekauka. Fundi aibadili kwa nyingine ya kipimo kilekile.

Yapo mafunzo matatu hapa, enyi vijana. Dini yetu imekataza ubadhirifu, na kutupa kizima kwa kudhani ni kibovu ni ubadhirifu. Mtume wetu s.a.w. alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe, basi nani kati yetu ataona aibu kushika brashi na gundi? Na yeye amemkana mwenye kughushi. Fundi anayemdanganya mjane na ajue anashika nini mkononi.

Tena chombo kikipona, kisiwe adha. Jirani ana haki ya usingizi wake, na kisomo hufunguliwa ili kisikilizwe, si ili kipite juu ya porojo.

Spika zile zimeandikwa katika mirathi kwa thamani yake ya haki. Warithi wakubwa wameridhiana zibaki kwa mama yao kutoka katika fungu lake, na mafungu ya watoto wadogo hayakupunguzwa hata senti moja.

Wabillahi tawfiq.