Uso Mpya wa Dereva wa Kibera

Mtu akiuzoea mchezo wa televisheni humjua mchezaji kama amjuavyo jirani yake wa mlango wa pili. Hukijua kicheko chake, mwendo wake, na hata namna anavyonyamaza akiudhiwa. Basi siku mchezaji huyo akitoweka, na mwingine akaingia kwa jina lile lile, katika nyumba ile ile, akimwita mama yule yule mamake, watazamaji hawatulii. Yule wetu yuko wapi? Na huyu ametoka wapi?

Swali hilo liliulizwa katika nchi nyingi mwaka 2017, ulipotoka mfululizo wa pili wa mchezo wa mafumbo uitwao Sense8. Na kijana aliyebadilishwa uso alikuwa wa kwetu Kenya: dereva wa matatu, mkaaji wa Kibera. Kamera za mchezo huo zilipelekwa Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi ambayo jamaa zetu waliotoka Pwani kwenda kutafuta riziki wanaijua kwa miguu yao. Kwa hiyo habari hii si ya wageni peke yao, msomaji. Yatuhusu na sisi.

WANANE WA SIKU MOJA

Kwa wale ambao hawakuuona, kisa chenyewe ni hiki. Watu wanane wasiojuana, kila mmoja na mji wake, wamezaliwa siku moja, tarehe 8 Agosti. Mmoja yuko Nairobi, na wengine wako Seoul, Mumbai, Berlin, London, Mexico City, Chicago na San Francisco. Ghafla wanaanza kuonana na kusikiana ingawa bahari ziko kati yao. Mmoja akiumwa, wenzake huhisi. Mmoja akivamiwa na wahuni, mwenzake mjuzi wa kupigana humwazima ngumi. Fumbo ni kwamba kuna shirika la siri linalowawinda, na mtazamaji haelezwi upesi ni la nani wala linataka nini.

Waliotunga ni ndugu wawili, Lana na Lilly Wachowski, wale wale waliotengeneza sinema ya The Matrix mwaka 1999, pamoja na J. Michael Straczynski. Mfululizo wa kwanza ulitolewa na kampuni ya Netflix tarehe 5 Juni 2015. Wa pili ukafuata tarehe 5 Mei 2017, baada ya kipande kirefu kilichotangulia Desemba 2016.

Kijana wa Nairobi anaitwa Capheus. Matatu yake ameipa jina la Van Damn, kwa kumpenda mchezaji sinema Jean-Claude Van Damme, naye anashindana na matatu nyingine iitwayo Bat Van. Hapo watunzi walipata. Mkenya yeyote anajua kwamba matatu si chombo cha kubebea watu tu, ni turubai la mchoraji na ngoma ya mtaa. Abiria huacha gari tupu wakangojea lile lenye jina na muziki.

SURA NA ULIMI

Katika mfululizo wa kwanza Capheus aliigizwa na Aml Ameen, mzaliwa wa London. Mwaka 2016, kazi ya mfululizo wa pili ilipokuwa imeanza, aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Toby Onwumere, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Marekani. Wenye mchezo hawakulificha jambo hilo. Walilitia utani ndani ya mchezo wenyewe, rafiki yake Capheus akimwona kama aliyegeuka, kisha hadithi ikaendelea.

Watazamaji waligawanyika. Kuna waliomlilia wa kwanza, kwa wepesi wake na kile kicheko cha mtoto kilichomtoka hata katika shida. Kuna waliomkubali wa pili, wakimwona ametulia, ana uzito wa mtu anayekua. Kila upande ulikuwa na hoja.

Lakini kwa sikio la mtu wa Nairobi mashindano hayo yalikuwa ya wageni wawili. Uso ulibadilika, ulimi haukubadilika: wa kwanza hakusema kama kijana wa Kibera, wala wa pili. Ni kweli kwamba mchezo mzima ni wa Kiingereza, na hata watu wa Seoul na Berlin nyumbani kwao wanasemeshwa Kiingereza. Tukiwa waadilifu tutakubali kwamba hatukudhulumiwa peke yetu. Hata hivyo, pembeni mwa Capheus alikuwako Jela, rafiki yake wa matatu, ambaye aliigizwa na Mkenya Paul Ogola. Mamake, Shiro, ni Chichi Seii. Yule mkubwa wa wahalifu, Silas Kabaka, ni Peter King Mwania. Na katika mfululizo wa pili akaongezeka Mumbi Maina, aliyeigiza mwandishi wa habari aitwaye Zakia, jina ambalo Mswahili akilisikia hugeuza shingo. Watu hawa wakisema, mji unasikika. Shujaa akisema, mtu hukumbuka kwamba yumo katika sinema. Basi mtazamaji wa kwetu ana haki ya kuuliza: nafasi ilipokuwa wazi, na wachezaji wa Nairobi wakiwa pale pale uwanjani, mbona ilijazwa kutoka ng'ambo?

DAWA NA KURA

Pamoja na hayo, mfululizo wa pili ulikuwa na jambo ambalo wa kwanza haukuwa nalo, na ndilo lililotufanya tuandike.

Katika ule wa kwanza, Capheus ni mtoto mwema anayehangaika kumtafutia mamake dawa za Ukimwi. Anauziwa za bandia, na mwishowe anaangukia mikononi mwa wahalifu ili azipate za kweli. Ni kisa cha kutoa machozi. Lakini tangu mwaka 2006 hospitali za serikali ya Kenya hutoa dawa hizo bila malipo, na mkaaji wa Kibera analijua hilo kuliko mtunzi. Taabu za mgonjwa zipo, ila si zile za kwenye mchezo. Mtu wa mbali alitazama akahurumia, na wa karibu akatazama akashangaa.

Mfululizo wa pili ulimwinua dereva huyu kutoka kwenye kuhurumiwa. Watu wa mtaa wanamwona ni mkweli na jasiri, wanamsukuma agombee uongozi, naye anasimama mbele ya umati na kuzungumzia rushwa na maji. Kisha mkutano wake unavurugwa, furaha inageuka mbio na vilio.

Sasa tazama tarehe. Mfululizo ulitoka Mei 2017. Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanywa tarehe 8 Agosti 2017, siku ile ile ambayo mchezo umewapa wale wanane kuwa siku yao ya kuzaliwa. Ilisadifu tu, lakini sadfa nyingine huchoma. Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, na kura zikarudiwa tarehe 26 Oktoba. Katika miezi hiyo Kibera iliona moshi na risasi, na mwishoni mwa Oktoba watu wa Kawangware walishikana kwa makabila, vibanda vikachomwa na roho zikapotea. Mitaa miwili iliyokuwa mandhari ya mchezo ikawa uwanja wa mambo ambayo hayana mkurugenzi wa kusema basi, tupumzike.

Jina la kijana ni Capheus Onyango, na mamake ni Shiro. Onyango ni jina la Kijaluo, Shiro ni la Kikikuyu. Huenda mtazamaji wa Chicago hakuliona hilo. Mtazamaji wa Kibera aliliona mara moja, maana nyumba za namna hiyo zipo mtaani, na ndizo zinazotetemeka kwanza wakati wa kura. Tangu mwisho wa 2007 wanajua maana yake.

KIBERA AMBAYO HAIKUONEKANA

Tuna neno moja zaidi kwa niaba ya wasomaji wetu. Kibera si mabati na reli tu. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wenyeji wa kwanza wa makao hayo walikuwa Wanubi, askari Waislamu wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles, ambao Waingereza waliwaachia ardhi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Hadi leo mtu akishuka Makina husikia adhana kabla ya kuona soko limechangamka.

Ardhi waliyotengewa mwanzo ilizidi ekari 4,000. Baada ya kudai kwa miongo mingi, mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwapa hati ya ekari 288. Ilikuwa Juni, mwezi ule ule ambao watazamaji wa dunia nzima walikuwa wakililia Sense8, kwa kuwa tarehe 1 Juni Netflix ilitangaza kwamba mchezo umekoma na hakutakuwa na mfululizo wa tatu. Vilio vikawa vingi hata kabla ya mwezi kwisha ikaahidiwa kwamba kitatengenezwa kipande kirefu cha kufunga hadithi, nacho kikatolewa tarehe 8 Juni 2018. Wapenzi wa mchezo walipiga kelele mwezi mmoja wakasikizwa. Wanubi walipiga kelele karibu miaka mia. Katika kisa cha dereva wa Kibera hawakupewa nafasi.

NANI ALITAZAMA?

Netflix ilifika Kenya Januari 2016 tu. Kwa hiyo mfululizo wa kwanza ulipotoka mwaka 2015, Kibera ilionyeshwa kwa ulimwengu kabla ya kuweza kujitazama yenyewe kwa njia ya halali. Wa pili ndio wa kwanza kupatikana nchini siku ile ile ulipotolewa. Hata hapo, mwenye kulipa kwa kadi ya benki na mwenye intaneti ya kutosha si kila mtu Kawangware.

Na kuna jambo la haya. Mchezo huu una uchi mwingi na mapenzi ya namna ambayo Mwislamu hawezi kuyatazama akiwa ameketi na wazazi wake au wanawe. Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ilikwisha kuonya mwezi ule ule Netflix ilipoingia kwamba huduma hiyo yahatarisha maadili. Hatusemi msomaji autafute. Twasema aujue, kwa kuwa sura ya nchi yake imo ndani yake, na watu wa mbali wameichukua kuwa ndiyo sura yenyewe.

Tukiulizwa rai yetu, basi, tutasema kwamba mfululizo wa pili ulimtendea Capheus haki kuliko wa kwanza, uso mpya au la. Kijana wa matatu anayesimama kuomba kura ni kweli zaidi kuliko kijana anayengoja kuonewa huruma. Lililobaki ni ulimi, na ulimi hauletwi kwa ndege. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku hadithi ya Kibera itakapotungwa na waliolala Kibera, toka Makina hadi Laini Saba, pengine mchezaji atabadilishwa tena, na safari hiyo hakuna atakayeuliza ametoka wapi.