Sura ya 4: Vigawo Zaidi ya 500

Anza na 1, ongeza 2, ongeza 3, endelea hivyo. Kila jumla unayofikia ni namba ya pembetatu: 1, 3, 6, 10, 15, 21, 28, 36. Fumbo la 12 la Project Euler, mkusanyiko wa mafumbo ya hisabati na programu ulioanza mwaka 2001, linauliza: namba ya kwanza ya pembetatu yenye vigawo zaidi ya 500 ni ipi?

Wengi huanza kwa kuitwisha kompyuta mzigo wote. Kila namba ya pembetatu inagawanywa kwa 1, 2, 3, hadi namba yenyewe, na kila pasipobaki kitu kigawo kinahesabiwa. Programu hiyo ni sahihi, ila kulifikia jibu inagawa zaidi ya mara bilioni 300.

Nafuu ya kwanza iko kwenye kipeuo cha pili. Vigawo huja viwili viwili: kwa 36, 1 huandamana na 36, 2 na 18, 3 na 12, 4 na 9, na 6 hujizidisha yenyewe. Ukigawa hadi 6, kipeuo cha pili cha 36, umevipata vyote 9. Kazi inashuka hadi mara milioni 54 hivi.

Nafuu ya pili ndiyo utamu wenyewe wa nadharia ya namba. Namba ya pembetatu ya n ni n × (n + 1) ÷ 2, na namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Iliyo shufwa igawe kwa 2, kisha zidisha idadi ya vigawo vya pande zote mbili. Namba ya nane, 36, ni 8 × 9 ÷ 2, yaani 4 × 9. Namba 4 ina vigawo 3, 9 ina vigawo 3, na 3 × 3 ni 9.

Kwa njia hii programu inasimama n ikiwa 12,375, ambayo ni 3² × 5³ × 11. Kupata idadi ya vigawo vyake, ongeza 1 kwa kila kipeo, kisha zidisha: 3 × 4 × 2 = 24. Nusu ya 12,376 ni 6,188, yaani 2² × 7 × 13 × 17, nayo ina vigawo 24. Jibu ni 76,576,500, lenye vigawo 576, na kompyuta haikuhitaji kugawa kwa namba yoyote inayozidi 111.

Kabla ya kuandika programu yako, shika kalamu uichunguze namba yenyewe. Kisha ijaribu programu kwa swali dogo: namba ya kwanza ya pembetatu yenye vigawo zaidi ya 5 ni ipi? Ikijibu 28, iruhusu iendelee hadi 500.