Ripoti imekataliwa lakini imetumika: mteja wa siri anadai nini?

Mwezi uliopita, kwenye kipindi chetu cha jioni, alitupigia simu dada mmoja kutoka wilaya ya Mpwapwa. Alikuwa amepata kazi ya siku moja kupitia simu yake. Kampuni ya utafiti ilimtaka atembelee mawakala watano wa pesa za mitandao akijifanya mteja wa kawaida. Kwa wengine aweke pesa, kwa wengine atoe. Aangalie kama jedwali la makato limebandikwa ukutani, kama wakala anaomba kitambulisho, kama anaongeza chake juu ya makato halali. Apige picha ya kibanda kwa nje, ajaze fomu kwenye simu na kuituma kabla ya saa sita usiku. Malipo ni shilingi 8,000 kwa kila wakala, jumla 40,000.

Alizunguka kutwa. Siku ya tatu likaja jibu la mstari mmoja kwamba ripoti haikukidhi vigezo, hivyo hakuna malipo. Akauliza ni kigezo gani. Kimya.

Anasema angeacha yaishe, kama wengi wanavyofanya. Lakini wiki mbili baadaye mmoja wa mawakala wale, ambaye wanafahamiana, alimlalamikia kwamba amepigiwa simu na msimamizi wake wa eneo na kupewa onyo kwa kutobandika makato. Msimamizi alitaja siku na saa. Ilikuwa siku ileile na saa ileile dada yetu alipokuwa amesimama pale dirishani na elfu kumi mkononi.

"Sasa kama ripoti yangu ni mbovu," alituuliza hewani, "imemwonyaje mtu?"

Tangu siku hiyo tumepokea ujumbe kutoka Kongwa, Bahi, Manyoni na hapa Dodoma mjini wa watu waliokutana na jambo linalofanana na hilo. Wengine si wateja wa siri, wamelipwa kupiga picha bei za mahindi sokoni, au kuhesabu bidhaa kwenye rafu za maduka. Lakini malalamiko ni mamoja: kazi imefanyika, imetumwa, imekataliwa, na aliyekataa ndiye aliyetakiwa kulipa. Kampuni hatutazitaja, kwa sababu tumesikia upande mmoja tu. Ile ya dada wa Mpwapwa tuliiandikia, tukajibiwa na mashine kwamba ujumbe wetu umepokelewa.

Kwa ambao hawajaifahamu kazi hii, mteja wa siri ni mtu anayetumwa dukani, benki, kituo cha mafuta au hospitali akijifanya mteja wa kawaida, kisha anaandika alichokiona. Mwenye biashara anataka kujua wateja wake wanavyohudumiwa wakati bosi hayupo, na akienda mwenyewe atapewa kiti na soda. Kwa hiyo anailipa kampuni ya utafiti, na kampuni inawalipa watu wa kwenda.

Si jambo geni hapa kwetu. Maduka ya dawa muhimu, yale mnayoyaona karibu kila kijiji kikubwa, yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003. Watafiti waliotaka kujua kama wauzaji wanatoa dawa sahihi ya malaria hawakuishia kuwauliza wauzaji wenyewe. Walituma watu wakajifanya wana mgonjwa nyumbani, wakasikiliza wanachoambiwa. Majibu ya aina hiyo yakiwa ya kweli yanaokoa mtoto. Yakiwa ya kutungwa, yanaweza kumfungia duka mtu asiye na kosa.

Ndiyo maana hatuwezi kusema kila ripoti ilipwe tu. Mmoja wetu hapa studio, kabla hajaenda kusomea utangazaji, aliwahi kufanya kazi hii kwenye benki na vituo vya mafuta hapa mjini. Anakumbuka wenzake waliokaa kivulini chini ya mbuyu wakajaza fomu sita bila kuingia hata kituo kimoja. Waligunduliwa kwa sababu mmoja aliandika kwamba mhudumu alikuwa mchangamfu sana, na kituo chenyewe siku hiyo kilikuwa kimefungwa. Kampuni iliyowakatalia ilikuwa na haki, na hao hatuwatetei.

Huyo mwenzetu naye aliwahi kukataliwa ripoti. Picha yake ilikuwa imekata nusu ya bango. Lakini alipigiwa simu asubuhi, akaambiwa kasoro ni hiyo, akapewa mpaka jioni arudi kupiga nyingine. Akarudi, akalipwa. Tunalitaja hili kwa sababu kampuni nyingi zikiulizwa husema haiwezekani kumweleza kila mtu kosa lake. Simu ile ilichukua dakika mbili.

Tuliongeza hesabu ya dada wa Mpwapwa pamoja naye. Bodaboda ya siku nzima 12,000. Bando 2,000. Makato ya kutoa pesa, ambayo aliyalipa kwa pesa yake akiahidiwa yamo ndani ya malipo, karibu 4,000. Maana yake ni kwamba alitoa shilingi 18,000 mfukoni mwake ili apate 40,000, na ripoti ilipokataliwa hakurudi sifuri, alirudi chini ya sifuri. Kampuni haikupoteza kitu, na kama simu ya yule msimamizi inatokana na ripoti yake, kampuni ilipata taarifa bure huku yeye akiilipia nauli.

Wakulima wanaotusikiliza watalielewa jambo hili kuliko sisi. Mtu anakupa ngwe ulime kwa makubaliano ya bei. Unamaliza, anakuja kukagua, anasema hujalima kwa kina kinachotakiwa. Inawezekana ni kweli. Basi kuna mambo mawili anayoweza kufanya kwa haki: akurudishe ukarekebishe, au akatae kazi na shamba likae vilevile mpaka apate mwingine. Asichoweza kufanya ni kukunyima pesa asubuhi na mchana kumwaga mbegu za alizeti kwenye matuta yako. Akishapanda, ameikubali kazi. Hakuna mzee wa baraza atakayehitaji siku mbili kuamua kesi hiyo.

Tofauti ni kwamba shamba linaonekana. Kila apitaye njiani anaona limepandwa. Ripoti ikishatumwa kutoka kwenye simu hujui imekwenda wapi, na anayeipokea, anayeipima na anayetakiwa kuilipia ni yuleyule mmoja. Dada yetu amejua kwa bahati tu, kwa sababu Mpwapwa watu wanafahamiana.

Si tatizo la kwetu peke yetu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 2018 lilitoa utafiti wa wafanyakazi 3,500 wa nchi 75 wanaofanya kazi ndogondogo kupitia mtandao. Karibu tisa kati ya kila kumi walikuwa wamewahi kukataliwa kazi au kunyimwa malipo. Waliosema kwamba kila walipokataliwa ilikuwa halali hawakuzidi asilimia 12. Kwenye jukwaa la Amazon linaloitwa Mechanical Turk, lililoanza mwaka 2005, mnunuzi wa kazi aliweza kuikataa, asilipe, na kazi ikabaki mikononi mwake. Wafanyakazi hawakuwa na pa kushtaki. Mwaka 2008 watafiti wawili waliwatengenezea programu iitwayo Turkopticon, ambayo kwayo wafanyakazi walianza kuwapa maksi wanunuzi: huyu analipa, huyu anakataa hovyo, huyu hajibu. Haikuwarudishia watu pesa, lakini kabla ya kuchukua kazi mtu aliweza kujua anafanya na nani.

Sasa tuje kwenye sheria zetu, maana ndicho wengi mlichouliza.

Kampuni nyingi huandika kwenye masharti kwamba wewe si mwajiriwa, ni mtu wa kujitegemea. Maneno hayo peke yake hayamalizi mjadala. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata mkataba wake uwe umeandikwa vipi, iwapo kuna hata dalili moja kati ya zilizotajwa. Mojawapo ni kwamba namna au saa zako za kazi zinaongozwa na mwingine. Nyingine ni kwamba umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au unamtegemea huyo kwa kipato chako. Kwa hiyo kijana anayezunguka kila wiki kwa kampuni moja, kwa ratiba yao, ana hoja ya kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mgogoro wa malipo unatakiwa ufikishwe huko ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Wengi hukaa mwaka mzima wakisubiri kampuni ijibu, na siku hizo zinakuwa zimekwisha.

Dada wa Mpwapwa alifanya siku moja tu, na hapo kusema ni mwajiriwa ni vigumu zaidi. Lakini alikuwa na makubaliano, na makubaliano yana sheria yake, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kwake yeye tunaona kifungu cha 70 ndicho cha kukisoma kwa makini. Kwa lugha yetu ya kawaida kinasema hivi: mtu akikufanyia jambo kihalali, bila nia ya kukufanyia bure, na wewe ukanufaika nalo, unawajibika kumfidia. Ni ile ngwe tu, imeandikwa kisheria. Akiweza kuonyesha kwamba ripoti yake ilitumika, neno "haikukidhi vigezo" linapungua nguvu sana. Na kuonyesha hilo ndiyo kazi ngumu, hatufichi. Simu ya msimamizi kwa wakala ni dalili nzuri, lakini wakala lazima akubali kuja kusema, na wakala huyo bado anamhitaji msimamizi wake.

Madai madogo ya namna hii yanaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri linasikilizwa kwa Kiswahili. Ujumbe wa simu si porojo mbele ya mahakama, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ushahidi wa aina hiyo. Na kabla ya kufika mahakamani, watafuteni wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya inaweza kuwaelekeza walipo. Barua moja yenye tarehe na kiasi kinachodaiwa, ikitajwa sheria, wakati mwingine inalipwa kabla haijafika popote.

Yote haya yanategemea kampuni iwe na mahali inapopatikana. Ikiwa iko nje ya nchi na hapa haina hata meza, hukumu yako ya shilingi 40,000 utaipeleka kwa nani? Kwa hiyo angalieni kwanza kama jina lake limo kwenye orodha ya makampuni ya BRELA, jambo linalofanyika kwa simu. Mwezi Juni 2025 nchi wanachama wa ILO zilianza mjini Geneva mjadala wa kutunga viwango vya kimataifa vya kazi za majukwaa ya mtandaoni. Viwango hivyo hata vikipita vitachukua muda kufika Mpwapwa.

Na kuna wale ambao si kampuni kabisa. Akikutaka utume "ada ya usajili" ndipo upewe kazi ya mteja wa siri, huyo anatafuta pesa yako tu. Mtume kwenye namba 15040 ya kuripoti matapeli wa simu, kisha endelea na shughuli zako.

Kwa kazi za kweli, linalosaidia zaidi ni kuuliza kabla ya kupanda bodaboda, na kuuliza kwa maandishi. Ni mambo gani hasa yatafanya ripoti ikataliwe? Nitapewa nafasi ya kurekebisha? Nauli na makato nitarudishiwa hata ikikataliwa? Ikikataliwa, mtaitumia? Swali la mwisho watu wanaliona la ukorofi. Sisi tunaona ndilo la maana kuliko yote, kwa sababu kampuni yenye haki inalijibu kwa neno moja. Piga picha ya skrini ya maelekezo siku ileile unayopewa, maana kwenye programu nyingi kazi ikishafungwa maelekezo hayaonekani tena. Ndivyo ilivyomtokea dada yetu. Leo hii hawezi kuonyesha vigezo alivyoambiwa hakuvikidhi.

Wiki iliyopita alikwenda kumwona msaidizi wa kisheria, wakaandika barua. Haijajibiwa. Juzi jioni kampuni ileile ikamtumia kazi mpya, mawakala wanne, Kongwa, malipo yaleyale. Ametusomea alichowajibu: atakwenda, lakini kwanza wamwambie kwa maandishi ile ya Mpwapwa ilikuwa na kosa gani.