Mpini Usioponyoka

Chukua kipande cha mpingo chenye kipenyo cha milimita 30, mviringo kama mpini wa bisibisi kubwa. Kata juu yake mifuo 48 inayokwenda mshazari kulia, kisha 48 mingine inayokwenda mshazari kushoto, ipishane na ile ya kwanza. Kila inapokatana hubaki piramidi ndogo ya mbao, upana wake haufiki milimita mbili. Katika urefu wa sentimita 10 tu utapata piramidi zipatazo 2,800. Ukizitazama kwa mbali utasema ni nakshi. Ukishika huo mpini kwa mkono wenye mafuta, utajua kwamba urembo ulikuja kwa bahati tu. Kazi yenyewe ni kushika.

Wanaolima mashamba ya Soga, mkoani Pwani, huku Kibaha na ng'ambo ya pili Kisarawe, wanaijua nusu ya sayansi hii ya kushika bila kuisoma. Mtu anatema mate kidogo viganjani, anasugua, ndipo anakamata jembe. Si ushirikina. Ngozi kavu kabisa ni ngumu na hukwama kidogo tu. Ikipata unyevu inalainika, inajibandika kwenye mbao na kushika vizuri zaidi. Lakini unyevu ukizidi, mambo yanageuka. Jasho la saa sita mchana hutandaza utando wa maji kati ya ngozi na mpini, na hapo panga linaweza kumchomoka mtu mkononi. Ndiyo maana mapanga mengi yamefungwa mpini kwa vipande vya mpira wa tairi.

Na tairi lenyewe ndilo linaloeleza vizuri mifuo inafanya nini. Tairi kipara kwenye lami kavu linashika barabara sawasawa. Balaa huanza mvua ikinyesha, kwa sababu maji hayana pa kwenda. Mifuo ya tairi ni mitaro ya kuyapitisha. Mpini wenye miraba, yaani ile mifuo inayopishana, ni hivyo hivyo: jasho, mafuta au damu hukimbilia kwenye mitaro, huku ncha za piramidi zikipenya ule utando na kuzama kidogo kwenye ngozi. Mpini laini kabisa na mkono mkavu hauhitaji lolote kati ya haya. Kwa hiyo fundi anayetia miraba kwenye kila kitu, mpaka rungu la mapambo, anafanya maringo tu.

Tena kuna vifaa ambavyo miraba ingevidhuru. Mpini wa shoka lazima uwe laini, kwa sababu mkono mmoja huteleza juu yake kila shoka linapopanda na kushuka. Ukiutia ncha 2,800, jioni mpasua kuni atarudi nyumbani na malengelenge. Miraba ni ya kifaa kinachokamatwa pamoja na kung'ang'aniwa: kitako cha bunduki, bisibisi, patasi, kishikio cha bakora. Na msumeno wa daktari.

Hapa historia inatisha kidogo. Kabla ya mwaka 1846, mgonjwa aliyekatwa mguu alikatwa akiwa macho. Huko London daktari Robert Liston alisifiwa kwa kumaliza kazi hiyo kwa dakika chache mno, na kasi ndiyo ilikuwa huruma pekee aliyoweza kumpa mgonjwa. Daktari anayekimbizana na muda, mkono umelowa damu, hawezi kufanya kazi na kisu kinachoteleza. Kwa hiyo masanduku ya vifaa vya upasuaji ya karne ya 19 yamejaa visu na misumeno yenye mipini ya mbao nyeusi iliyokatwa miraba midogo, kazi safi kiasi kwamba leo wanaokusanya vitu vya kale wanaigombania. Kilichoiua mipini hiyo ni usafi. Joseph Lister alipoanza kuchapisha mwaka 1867 habari za kuua vijidudu kwenye vidonda, ilianza kueleweka kwamba ile mitaro iliyookoa mkono wa daktari usiteleze ilikuwa pia maficho ya uchafu. Na hospitali zilipohamia kuchemsha vifaa na kuvipitisha kwenye mvuke, mbao haikuwa na nafasi tena. Mipini ikawa ya chuma mwishoni mwa karne hiyo. Miraba yenyewe haikufa, ilihamia kwenye chuma: angalia fito za vyuma vya mazoezi, zile za kunyanyulia uzito, utaona mchoro ule ule. Tofauti ni kwamba kwenye chuma hugandamizwa kwa vigurudumu vigumu. Mbao ukiigandamiza namna hiyo ni rahisi kupasuka, kwa hiyo njia ya uhakika ni kuikata mfuo mmoja mmoja.

Na si kila mbao inakubali. Mbao ni fungu la mirija iliyosimama pamoja. Jino la mashine likikata sambamba na mirija linapita salama, likikata kwa kuikingama linaibomoa kwenye ukingo. Piramidi yenye upana usiofika milimita mbili ina kingo nne na haina kitu cha kuiegemeza. Jaribu kwenye msonobari, ncha zinamomonyoka na kubaki unga. Mninga, pamoja na uzuri wake wote, una vitundu unavyoviona kwa macho, na kila kitundu kinachoangukia kwenye ncha kinaing'oa. Mpingo ni habari nyingine. Kiini chake ni kizito kiasi cha kuzama majini, vitundu vyake ni vidogo mno, na mafuta yake ya asili huufanya upokee mng'aro kutoka kwa jino lenyewe bila kusuguliwa msasa. Ndiyo maana viwanda vya Ulaya huutumia kwa klarineti na zumari za obo: ukitoboa tundu, tundu linabaki na ukingo mkali.

Mafundi wa London waliligundua hilo mapema. Familia ya Holtzapffel, ambayo mwasisi wake alitoka Strasbourg akafungua karakana London mwishoni mwa karne ya 18, ilitengeneza mashine za kukerezea za aina ya pekee. Ukerezaji wa kawaida huzungusha mbao huku chombo kikiwa kimetulia. Mashine hizi zilifanya kinyume: mbao inasimama tuli, na jino dogo linalozunguka kwa kasi ndilo linaloifuata mbao na kuimega. Baada ya kila mfuo mbao inageuzwa kidogo, kwa kipimo, jino linarudi kazini. Wateja walikuwa matajiri na watu wa ukoo wa kifalme waliofanya hivyo kama starehe. Mchezo wenyewe ulikuwa mkongwe: mfalme Petro Mkuu wa Urusi alikuwa na chumba chake cha kukerezea karne moja kabla. Mwaka 1843 Charles Holtzapffel, mtoto wa mwasisi, alichapisha kitabu ambamo aliorodhesha mbao za dunia, na mpingo wa Afrika akausifu kwa ukerezaji wa nakshi kwa sababu ni mgumu, umeshikamana, na haulemazi meno ya mashine. Akaongeza kwamba haufanyi chuma kishike kutu, na kwa hiyo unathaminiwa kwa mipini ya vifaa vya madaktari wapasuaji. Hakusahau pia kulalamika: magogo yamepinda, yana mafundo, na ndani mara nyingi yana mapango. Mchonga vinyago yeyote wa Mwenge angemwambia karibu chamani.

Siri ya mashine haiko kwenye jino. Iko kwenye sahani ya shaba yenye duara za matundu, na kijipini cha chuma kinachoingia tundu moja baada ya jingine. Sahani za Holtzapffel zilikuwa na duara za matundu 96, 120 na 144, pamoja na nyingine. Mbona namba hizo? Kwa sababu zinagawanyika bila ugomvi. Ukitaka mifuo 48, kwenye duara la 96 unaruka tundu moja, kwenye la 144 unaruka mawili. Ukitaka 36 unakwenda kwenye 144 na kuruka matatu. Duara la matundu 100 linaonekana zuri mpaka ujaribu kuligawa kwa tatu.

Usahihi huu si anasa. Rudi kwenye mpini wetu wa milimita 30. Mzunguko wake ni milimita 94 na kidogo. Ukigawa kwa 48, mifuo inaachana milimita 1.96 ukipima kuuzunguka mpini. Mifuo ikiinama nyuzi 30 kutoka mstari wa urefu, umbali halisi kati ya mfuo na mfuo unakuwa milimita 1.7. Jino lenye ncha ya nyuzi 90 linatakiwa kuzama nusu ya hapo, milimita 0.85, ndipo piramidi ifike ncha. Likizama pungufu, juu panabaki bapa na mpini unateleza. Likizidi, safu nzima inakuwa fupi kuliko jirani zake, na jicho la binadamu, ambalo halijui kupima chochote, litaona kosa hilo kabla hujaweka chombo chini.

Mzunguko wa kwanza wa mifuo 48 ni rahisi. Wa pili ndio unaotoa jasho, maana kila jino linapotoka kwenye ukingo wa mfuo wa kwanza halina mbao ya kulipokea upande wa pili. Anayekata milimita 0.85 kwa mpigo mmoja anavuna vipande. Mwenye subira hukata robo, anazunguka mifuo yote, anarudi tena, na anahakikisha mpigo wa mwisho ni mwembamba kama karatasi.

Marekani kuna mashine za aina ya Legacy, zilizotengenezwa Utah, ambazo zinabeba ruta ya kawaida ya umeme juu ya kigari; ukizungusha mkono wa mashine, gia husogeza kigari na kugeuza mbao kwa pamoja, mfuo ukajipinda wenyewe. Ni ghali. Lakini ukitazama zinavyofanya kazi, hakuna kitu ambacho karakana ya Kibaha isingeweza kukiunda. Kwa kugawanya, tafuta gurudumu la meno la mbele la baiskeli kuukuu, lile linalovuta mnyororo. Hesabu meno, mengi yana 44, 46 au 48. Ukipata la 48 umepata sahani yako, kijipini kinaangukia kati ya jino na jino. Kwa mshazari, funga waya mwembamba kwenye kigari cha ruta, upitishe kwenye roda ndogo za kugeuzia, kisha uuzungushe kwenye kigurudumu cha mbao kilichofungwa mhimili mmoja na mpini. Kigari kikisogea, mpini unageuka. Kwa mshazari wa nyuzi 30 kwenye mpini wa milimita 30, kigurudumu hicho kinatakiwa kuwa na kipenyo cha milimita 52. Kwa upande wa pili, unazungushia waya kinyume. Basi.

Mgumu kupatikana ni mpingo wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia misitu ya kuizunguka Dar es Salaam kati ya 1991 na 2005, ukaona uharibifu ukitoka mjini kwa mawimbi: la mkaa likisogea takriban kilomita 2 kwa mwaka, la mbao za thamani kilomita 9. Soga, ambako treni ya SGR inafika kutoka Dar muda mfupi tu baada ya kuipita Pugu, iko kwenye njia ya mawimbi yote mawili, na msitu wa Ruvu Kusini jirani yake umelisikia shoka. Mpingo wa kuaminika leo unatafutwa mbali kusini. Vijiji vya Kilwa vilivyosaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo la MCDI vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, cha FSC, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na magogo hayavuki mpaka bila kibali.

Aliyeona mapema kwamba wapenda miraba wana deni kwa mti huu ni mkerezaji mmoja wa nakshi wa Texas, James Harris. Alitazama filamu ya televisheni kuhusu mpingo, akamwona ndani yake mtaalamu wa mimea wa Kilimanjaro, Sebastian Chuwa, akamwandikia. Mwaka 1996 wakaanzisha mradi wa kuotesha mipingo, na Chuwa akaendelea na vitalu vya miche, shule na vikundi vya vijana mpaka alipofariki mwaka 2014. Mti wenyewe unataka zaidi ya nusu karne kabla haujafaa kukatwa, kwa hiyo hakuna kati yao aliyetegemea kukereza aliouotesha.

Bahati ni kwamba mpini hauhitaji gogo. Kiwanda cha klarineti hutupa kila kipande chenye ufa, fundo au utepe wa mbao nyeupe, na sehemu kubwa ya gogo huishia hivyo. Mpini unatosheka na kipande cha sentimita 12, hata chenye fundo, mradi fundo likae kwenye kitako na si penye miraba. Usipake vanishi, itajaza mitaro yote na kurudisha utelezi ulioukimbia. Piga brashi ngumu ya nguo, mafuta kidogo, basi. Na ufunge barakoa kabla ya kuwasha ruta: vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua, na mashine yenye kasi hiyo hulirusha jingi kuliko patasi yoyote.