Maboga na nyanya vimejiotea kwenye mboji: uache au ung'oe?

Mvua zikianza tu, swali hili nalipata karibu kila mtaa ninaopita: "Bwana shamba, pipa langu la mboji limegeuka shamba. Maboga yametambaa mpaka nje, nyanya zimejaa, mipapai nayo inachungulia. Nifanyeje?"

Mimea hii inayoota yenyewe tunaiita maotea. Ukiyaona kwa wingi, ujue mboji yako haikuiva kwa joto. Lundo linalofanya kazi sawasawa hufika nyuzi joto 55 hadi 65 za sentigredi, na likikaa hapo siku kadhaa mbegu nyingi hufa. Sasa sisi majumbani tunatupia maganda kidogo leo, kidogo kesho, joto litatoka wapi? Lundo lisilofika mita moja kila upande hupoa haraka. Kupima ni rahisi: chomeka fimbo ndefu hadi katikati, iache siku tatu, kisha ichomoe uishike. Ikiwa ya moto, mambo yanakwenda. Ikiwa ya baridi, mbegu zimelala tu humo zikisubiri maji.

Tuje kwenye maotea yenyewe, maana si yote ni adui. Mpapai mchanga unaweza kuuhamisha, ila panda miche mitatu shimo moja kisha punguza ikichanua, kwa sababu kuna mipapai dume na huijui mpaka uone maua. Boga moja pembeni ya lundo lililokwisha kuoza halina shida, majani yake utachuma mboga. Lakini tunda la boga au tango la maotea lionje kidogo kabla ya kupika. Likiwa chungu, tema na utupe. Uchungu huo ni sumu na hautoki kwa kuchemsha.

Nyanya na viazi mviringo, hapo mimi sina huruma. Ng'oa.

Kuna mama mmoja nilimtembelea, miche yake yote ya nyanya aliitoa kwenye mboji. Ilikuwa minene, ya kijani, ya kutamanisha kabisa. Ilipoanza kutoa maua ikanyauka mmoja baada ya mwingine huku udongo una maji. Tulikata shina moja karibu na ardhi, tukalisimamisha kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache ukatoka uzi mweupe kama maziwa, ukashuka chini. Huo ni mnyauko bakteria, na hauna dawa ya kupulizia. Kitalu kile, ambacho ndicho kilikuwa kinalipia mahitaji madogo ya nyumbani, hakitapandwa nyanya, bilinganya, hoho wala viazi kwa misimu kadhaa.

Hata bila mnyauko, nyanya ya maotea hubeba bakajani na kumlisha kantangaze wakati bustani yako imepumzika. Ukipanda upya, wadudu wako tayari mlangoni. Na kama nyanya uliyokula ilikuwa chotara, mche wake hautafanana na mama yake.

Maotea yenye ugonjwa yachome moto au yafukie mbali na bustani, usiyarudishe kwenye lundo la baridi. Yale mazima ambayo hayajatoa mbegu yarudishe, ni majani mabichi ya bure.

Ili lundo lichemke, kusanya malighafi kwanza, kisha lijenge siku moja: majani makavu, majani mabichi, samadi, tabaka kwa tabaka, kila tabaka ukinyunyizia maji. Ukikamua kwa kiganja, yatoke matone machache tu. Ligeuze kila joto linaposhuka, ukihakikisha ya pembeni yanaingia katikati. Wengi huruka kazi hii ya kugeuza, na ndiyo inayoua mbegu.

Kwa mboji ambayo tayari imejaa mbegu, itandaze nyembamba, mwagilia, subiri siku 7 hadi 10 zichipue, kisha parua kwa jembe juu juu. Rudia mara moja. Njia hii huondoa mbegu lakini haiondoi bakteria, kwa hiyo kama glasi ilitoa maziwa, mboji hiyo ipeleke kwenye mahindi.