Kazi ya Kusubiria Kazi

Huku Handeni na Korogwe, wahitimu wengi wa ualimu husubiri ajira kwa miaka, lakini tumbo halisubiri. Tunawaona wakiendesha bodaboda, wakikata mkonge, wakiuza mahindi. Je, ni aibu? Hapana. Mtume Paulo alishona mahema Korintho (Mdo 18:3), na Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens (1981), alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya. Hata hivyo, vijana wenzetu, chagueni kwa busara: kazi inayowaachia saa chache za kufundisha kwa kujitolea na kutazama matangazo ya Sekretarieti ya Ajira. Kazi ya muda imlishe mtu, isimsahaulishe alichosomea.